Kahawa Inayomwagwa

Tanga, 9 Agosti

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa sokoni, nikaambulia tu kwamba umepandisha hasira. Mara ya pili nilikuwa nyumbani nimekaa, nikaelewa. Umekimaliza kile kitabu changu, A Tree Grows in Brooklyn cha Betty Smith, kwa siku nne. Mimi kilinichukua mwezi mzima, kamusi pembeni. Unasema umemlilia Johnny Nolan mpaka macho yakavimba, na kwamba mkewe Katie ni mwanamke mwenye roho kavu. Kisha ukashusha sauti, ukatupa jiwe gizani: eti mwanamke wa aina hiyo unamjua, umelelewa naye.

Ndiyo maana naandika barua. Haya si ya kujibu kwa simu huku mtu anakuna nazi. Na tuelewane mapema: sikuandikii kumtetea mama yako. Dada yangu ana mdomo wake, na hajawahi kukosa la kusema. Ninayemtetea ni Katie, ambaye hapa Tanga hana ndugu mwingine ila mimi.

Niungame kwanza. Mimi pia nilianzia kwa Johnny. Nilikuwa na miaka 22, kitabu nimekiokota kwa muuza vitabu vya mtumba aliyetandika turubai barazani, jalada halipo, ukurasa wa kwanza una duara la kikombe cha chai cha mtu nisiyemjua. Ningeachaje kumpenda? Kijana wa asili ya Ireland, weita wa kuimba, anabeba bia na sahani huku akiwaburudisha wageni, kola nyeupe pe, sauti tamu, ahadi tamu zaidi. Usiku wa manane anarudi na mabaki ya karamu za watu, kamba-koche na chaza, anaamsha nyumba nzima, wanakula jikoni kama wako harusini. Mtoto gani atamkataa baba kama huyo?

Lakini angalia mwandishi ametusimamisha wapi. Tumesimama na Francie, binti wa miaka 11, anampigia baba yake pasi aproni ya kazi huku akimsikiliza. Johnny tunamwona anatoka au anaingia. Yuko mlangoni, yuko ngazini, yuko mtaani anapunga mkono. Katie tunamwona akiwa kazini. Kazi yake ni kusafisha majengo ya wapangaji, likiwemo lile wanaloishi, ili wakae bila kulipa kodi. Anapiga deki ngazi za watu mpaka mikono imeharibika kwa magadi na sabuni kali. Mtu aliyepiga magoti pembeni ya ndoo haimbi. Ukitaka kumjua Katie usimsubiri azungumze, maana maneno yake ni machache na mengine yanachoma. Tazama alivyoipanga nyumba.

Nyumba yenyewe iko Williamsburg, Brooklyn, ng'ambo ya mto kutoka Manhattan. Mwaka ni 1912, Jumamosi ya kiangazi. Umelalamika kwamba kurasa nyingi za mwanzo hakuna kinachotokea. Mwanangu, kinachotokea ni bei. Francie na mdogo wake Neeley wanakusanya matambara, karatasi, mpira na vipande vya chuma, wanavikokota mpaka kwa Carney, mnunuzi wa skrepa. Carney ana tabia ya kufinya mashavu ya mabinti, na binti asiyeruka nyuma anaongezewa senti moja. Francie anasimama, anafinywa, anapokea. Nusu ya mauzo inaingia kwenye kibubu, kopo la bati lililopigiliwa misumari kwenye sakafu ya kabati, kwenye pembe ya giza, asije mtu akalinyanyua siku ya shida ndogo. Halafu kuna foleni ya mkate uliolala, unaouzwa kwa nusu bei, watoto wanasukumana na kukanyagana. Katie anaugeuza ule mkate kuwa chakula cha wiki nzima, leo kwa vitunguu, kesho kwa maziwa ya kopo, na akimtuma Francie nyama ya kusaga anamwagiza ahakikishe inasagwa mbele ya macho yake. Sijasoma riwaya nyingine inayotaja senti mara nyingi hivi. Ukizitoa zile senti, hadithi yote inabomoka.

Sasa njoo kwenye kahawa. Hapa ndipo nilipomwona Katie kwa mara ya kwanza, na ilikuwa usomaji wangu wa tatu, nimeshazaa.

Kahawa ndiyo anasa ya nyumba ile. Kila mtu, mtoto kwa mkubwa, ana haki ya vikombe vitatu kwa siku, pamoja na maziwa. Francie hapendi kuinywa. Anachopenda ni kukishika kikombe kikiwa cha moto na kuvuta harufu. Anakula mkate wake, na mwisho wa mlo anaimwaga yote kwenye sinki. Mama zake wakubwa, Sissy na Evy, wanalisemea hilo (ndivyo tulivyo mama wakubwa na mama wadogo, kwenye jiko la mwenzetu hatukosi neno). Katie anagoma kumzuia. Kwa hesabu zake, watu kama wao wanatakiwa wawe na kitu kimoja wanachoweza kukimwaga, wajue kidogo matajiri wanavyojisikia.

Mwanamke huyohuyo anayepigilia kopo misumari. Mara tatu kwa siku anatazama kahawa na maziwa vikishuka kwenye bomba, hanyanyui sauti. Johnny akitoa, anatoa mbele ya watu, na wimbo juu yake. Katie ametoa kitu ambacho binti hajui hata kwamba amepewa, anadhani ni haki yake tu, kama hewa. Na ana miaka 29, Rehema. Nilipokuwa na 22 nilimsoma kama mama mtu mzima mwenye makunyanzi. Siku nilipopiga hesabu nikakuta ni msichana niliyekwisha kumpita umri, nikafunga kitabu nikakaa kimya.

Mpango wote wa nyumba hiyo ulitoka kwa bibi, Mary Rommely, mhamiaji kutoka Austria asiyejua kusoma wala kuandika. Francie alipozaliwa, Katie alimwuliza mama yake afanye nini ili mtoto huyu asiishi kama wao. Bibi akaagiza kibubu cha kununulia ardhi, na kila usiku watoto wasomewe ukurasa mmoja wa Biblia na mmoja wa Shakespeare. Vitabu alivitafuta Sissy: cha Shakespeare kilikuwa kimechakaa, kimetoka maktaba; Biblia ilitoka kwenye chumba cha hoteli, na usiniulize Sissy alikuwa anafanya nini kwenye chumba cha hoteli. Huyo peke yake anastahili barua nyingine. Kila mume anamwita John, watoto kumi wamezaliwa kwake bila uhai, mtaa mzima unamsengenya, naye akiingia chumbani kila mtu anapata nafuu. Mama yako anamwona Sissy ni mhuni. Tumeligombania hilo tangu mwaka niliomwazima kitabu, na hatujafika mwisho.

Maktaba najua umeipenda. Francie ameweka nadhiri ya kusoma vitabu vyote kwa mpangilio wa alfabeti, na bado yuko kwenye B. Jumamosi anajipa likizo, anamwomba mkutubi amchagulie kitabu kinachomfaa msichana. Mkutubi hainui hata macho. Wiki nenda wiki rudi anamtolea vilevile viwili. Chombo cha udongo chenye maua kilichoko mezani kinamkaribisha Francie kuliko yule mwenye meza. Naye anaondoka amefurahi, anarudi kukaa kwenye ngazi ya chuma iliyofungwa nje ya ghorofa kwa ajili ya kukimbilia moto, bakuli la peremende pembeni, majani ya mti yamemfunika, anasoma na kuchungulia madirisha ya majirani.

Huo mti ulioulizia, kwa jina la Kiingereza wanauita mti wa mbinguni. Kwao ni China. Ulifikishwa Marekani mwishoni mwa karne ya 18, ukapandwa kama pambo, kisha ukatoroka bustanini. Unaota kwenye viwanja vya taka, kwenye nyufa za saruji, popote pale, na maua ya mti dume yananuka vibaya. Siku hizi unahesabiwa gugu vamizi. Ukiniuliza mimi, Smith hakukosea kuchagua.

Wewe unayesomea uuguzi, naomba urudie sura ya chanjo taratibu. Francie ana miaka saba, Neeley sita, wanakwenda wenyewe kuchanjwa ndipo waweze kuanza shule, na kabla ya kwenda wamecheza matope. Daktari anaanza kumwambia nesi, juu ya kichwa cha mtoto, jinsi watu wa mtaa ule walivyo wachafu. Kwake Francie ni mkono tu, hana masikio. Linaloniuma zaidi ni nesi. Nesi amezaliwa Williamsburg hiyohiyo, amejikwamua, na angeweza kusema neno moja. Anamkubalia daktari. Francie ndiye anayejibu: anamwambia daktari kwamba anayefuata ni mdogo wake, na mkono wake ni mchafu vilevile, kwa hiyo asishtuke. Umeniambia mwakani mnaanza kwenda wodini. Mimi sina la kuongeza hapo.

Haya, kifo. Johnny anafariki siku ya Krismasi 1915, miaka 34, chama chake cha wahudumu kimeshamfukuza na kumnyang'anya beji aliyokuwa akiringia. Wewe ulilia hapo. Nami nililia, halafu nikapita haraka nisione Katie anafanya nini. Daktari anataka kuandika kwamba kifo kimetokana na ulevi na nimonia. Katie, mjamzito, mume bado yuko kitandani, anasimama kidete mpaka iandikwe nimonia peke yake. Hataki watoto waje wasomewe ulevi wa baba yao na mtu yeyote, karatasi ya serikali ikiwemo. Kisha kibubu kinang'olewa. Miaka yote ile ya senti za skrepa na za kufinywa mashavu ilikuwa ya kununua ardhi kama bibi alivyoagiza, na ardhi inanunuliwa kweli: kaburi la Johnny. Anayetuachia Johnny mzuri wa kumlilia ni Katie. Yeye ndiye aliyemfuta uchafu kabla hatujaitwa kumuaga.

Hata Hollywood hawakuliona hilo. Filamu ilitoka 1945, ya kwanza ndefu ya hadithi kuongozwa na Elia Kazan. James Dunn aliyeigiza Johnny akapata Oscar, na Peggy Ann Garner aliyekuwa Francie akapewa Oscar ya watoto. Dorothy McGuire, Katie wao, akaenda nyumbani mikono mitupu. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu.

Usidhani nimempaka mafuta. Nafika kwenye kidonda, na najua ndicho ulichokuwa unakizungukia kwenye ule ujumbe.

Neeley alipozaliwa, Katie alijikuta anajua kwamba mtoto huyu wa kiume atampenda kuliko yule wa kike, akajiapiza Francie asijue kamwe. Francie anajua. Watoto huwa wanajua. Mwaka 1916 wanamaliza shule usiku mmoja, shule mbili tofauti. Katie anakwenda kwenye mahafali ya Neeley. Kwa Francie anakwenda Sissy. Na ile shule ya Francie ilikuwa nzuri kuliko ya mtaani kwao kwa sababu Johnny alidanganya anwani ili aandikishwe, na binti akatembea mitaa 48 kwa siku kwenda na kurudi, asubuhi na wakati wa chakula cha mchana. Usiku ule anakuta mawaridi mekundu juu ya dawati lake, na kadi yenye mwandiko wa baba aliyekwisha kuzikwa. Johnny alikuwa amempa Sissy dola 2 na hiyo kadi kitambo, kwa ajili ya siku hiyo. Kila msomaji anamshukuru Johnny. Mimi siku hizi namshukuru na Sissy, maana dola 2 zile zingekaa mfukoni mwa Johnny zingekwenda baa.

Halafu linakuja la sekondari. Hela ya kuwasomesha wote wawili haipo, na nyumba inategemea mshahara wa Francie. Katie anaamua: Neeley aende, Francie aendelee na kazi. Neeley mwenyewe hataki shule. Francie anaitaka kama maji. Sababu ya Katie ni kwamba Neeley akianza kazi sasa hatarudi darasani tena, ila Francie, hata afungiwe milango, atatafuta njia ya kusoma.

Unaijua sababu hiyo. Uliambiwa kwa Kiswahili, mezani, mwaka kaka yako alipolipiwa ada na wewe ukaambiwa usubiri. Nilikuwepo. Nilikuwa napakua wali, na sikusema kitu, na hilo ni deni langu mimi, usimwekee mama yako.

Sitakuambia Katie alikuwa sahihi. Ni hukumu mbaya: anayejiweza ndiye anabebeshwa, kwa kosa la kujiweza. Smith mwenyewe hajaisafisha. Amemwacha Francie akasirike, agombane na mama yake, na hasira ile haijafutwa na kurasa zinazofuata. Ninachokuomba ni urudi nyuma miezi michache tu kabla ya hapo, usiku Katie anapojifungua mtoto Laurie. Neeley ametumwa nje kuita watu. Mle chumbani wamebaki mama na binti, uchungu umeshika, na Katie, mwanamke asiyeombaga, anamhitaji Francie na anamwonyesha kwamba anamhitaji. Anakiri kitu kilichokuwa kinamsuta: insha zote za Francie, hakuwahi kupata muda wa kusoma hata moja.

Insha zile ndizo zilizomtia Francie matatani shuleni. Alipokuwa anaandika ndege na maua na nyumba za kifahari asizozijua, alipata A. Baba alipokufa akaanza kuandika ya nyumbani, njaa, pombe, mtu mzuri aliyeshindwa. Mwalimu akampa C, akamwambia hayo ni machafu, ayachome. Francie alikwenda nyumbani akawasha moto kweli, akachoma zile za A.

Na aliyeyaandika haya yote alikuwa amezaliwa Brooklyn, mwaka 1896, wazazi wa asili ya Kijerumani. Betty Smith hakumaliza sekondari. Alikuja kukaa kwenye madarasa ya Chuo Kikuu cha Michigan kama mwanafunzi wa ruhusa maalumu, ameshaolewa na ana watoto, na Francie mwishoni anaelekea chuo hichohicho. Kitabu alikiandikia Chapel Hill, North Carolina, mbali kabisa na ngazi zile za chuma, kikatoka 1943 katikati ya vita. Kilichapwa pia toleo dogo la kutosha mfuko wa sare, kikawafuata askari vitani, nao wakamwandikia mwandishi barua. Nawaza askari kwenye mahandaki anasoma habari za mkate uliolala.

Kuna kipande kimoja hukukitaja kabisa, nadhani ulikiruka. Chakula kinapokwisha, Katie anacheza na watoto mchezo: wao ni wavumbuzi wa Ncha ya Kaskazini, wamezingirwa na tufani ya theluji, msaada uko njiani, wabane chakula. Siku moja Francie anamwuliza: wavumbuzi wanateseka kwa sababu kuna kitu kikubwa watakigundua, sisi tukishinda njaa tunagundua nini? Katie anachoka ghafla, na anamkubalia kwamba hapo ameupata mtego wa mchezo. Hakumkaripia wala hakutunga uongo mwingine. Nimeshakaa na wazazi wengi, nikiwemo mimi, na jibu kama hilo sijalisikia mara nyingi.

Kitabu usikitume kwa basi, kinaweza kulowa, na kurasa za mwisho zimelegea, zile mti unakatwa kwa sababu wanawake wanaona unawanasia nguo walizoanika kwenye kamba. Kaa nacho mpaka Desemba. Soma tena sura ya uzazi na sura ya kahawa, halafu nipigie, na safari hii usianze na Johnny.

Mama yako mwambie nimeipata ile kanga, rangi imetulia. Na sufuria yangu kubwa, ya tangu Idi, bado naidai.

Mama mdogo wako,
Mwanaidi